Gia ya Tatu ya Volkmar

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya Roswitha kufagia ngazi na kipande cha barabara mbele ya nyumba, na kule Swabia, kusini mwa Ujerumani, zamu hiyo haina udhuru; hata siku ya kumzika mumewe alifagia kwanza. Alikuwa akizoa takataka alipomwona huyo mume, marehemu Eckart, akipita ndani ya gari la michezo la kijani. Alikuwa kwenye kiti cha abiria, kofia yake ya kitambaa imemfunika masikio. Usukani ulishikwa na Volkmar, mdogo wake Eckart.

Roswitha aliinua fagio kumsalimu. Eckart akapunga mkono. Gari likapanda kilima, gia zikaingia moja baada ya nyingine bila kelele, naye akaendelea kufagia, lakini moyo haukutulia. Mume kurudi si jambo la ajabu. Wafu wa kijiji kile hurudi, mmoja kwa ajili ya waridi zake, mwingine kwa ajili ya mbwa. Kilichomkera ni kwamba wa kwake alirudi kwa Volkmar, wala hakugonga mlango wa nyumbani.

"Hawa wana lao jambo," alijisemea.

Gari lile lilikuwa la ndugu wote wawili, na ndilo lililomuua Eckart kwenye kona ya chini ya kanisa. Volkmar, aliyetoka na mkwaruzo kwenye paji la uso, alisema Eckart ndiye aliyekuwa akiendesha. Eti Eckart alitafuta gia ya tatu akaangukia ya kwanza, magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likabingirika. Klabu ya magari ya kale ilimwamini. Kwa kanuni zake, anayesababisha ajali kwa uzembe hufutwa uanachama, hata akiwa kaburini. Kila mwanzo wa msimu mchungaji hubariki magari na kusoma majina ya wanachama waliofariki. Roswitha huenda kila mwaka, husimama pembeni na kusikiliza mpaka jina la mwisho. La mumewe halisomwi. Jambo hilo lilimuuma kuliko hata mazishi.

Kweli, gia za gari lile zilikuwa na matatizo. Mkono wa gia ulielea kama mwiko kwenye supu. Ukiusukuma, hujui umefika wapi. Volkmar alishinda majira yote ya baridi chini ya gari, mlango wa gereji umefungwa kwa ndani. Alibadilisha bushi, zile pete za kuzuia mlegezo, za chuma kirefu kinachopita chini ya sakafu hadi kwenye giaboksi kule nyuma, akalegeza kibano, akakikaza upya, na bado mkono ulielea. Sasa, ghafla, gia zilikuwa zinaingia.

Jioni Roswitha alikwenda gereji na keki ya plamu. Keki ilikuwa kisingizio, na Volkmar alijua.

"Naona gari limepona, shemeji."

"Bushi mpya hizo," alisema Volkmar huku akifuta mikono. "Za zamani zilikuwa unga mtupu."

"Bushi tu?"

"Na ufundi kidogo. Mbona unaniangalia hivyo?"

Eckart alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha abiria. Roswitha alimtazama, kisha akatazama usukani.

"Hebu shuka kidogo, mume wangu."

Eckart akashuka, akasimama kando.

"Haya, shemeji, ingiza ya tatu."

Volkmar aliingia, akakanyaga klachi, akapapasa huku na huko. Mkono wa gia ulizunguka ukaenda kunasa kwenye ya kwanza. Alijaribu tena, ukanasa pale pale. Eckart akarudi kitini, akaweka kiganja chake juu ya kile cha mdogo wake, na gia ya tatu ikaingia kwa mlio mdogo, kama kitasa kizuri.

"Siku ya ajali ulikaa wapi?" Roswitha alimuuliza mumewe.

"Hapa hapa," alijibu Eckart.

"Marehemu husahau mambo," Volkmar alisema haraka. "Usimsikilize."

"Sijasahau," alisema Eckart bila hasira.

"Basi kwa nini unamsaidia mwongo huyu? Anakupakazia miaka yote, na wewe unamshika mkono!"

"Ni mdogo wangu, Roswitha, na kuendesha hataacha. Nikimwacha peke yake ataua mtu mwingine."

Roswitha alichukua keki yake yote, akarudi nayo nyumbani.

Siku ya kubariki magari walikuja watu wengi, wakala viazi vya siki na soseji. Kabla majina hayajasomwa, Roswitha alipaza sauti uwanjani.

"Mume wangu hakuwa akiendesha! Yupo pale, muulizeni."

Watu wakageuka. Wengine walimwamkia Eckart, na mmoja akamwambia kwamba amependeza. Bwana Zeller, mwenyekiti wa klabu, alivaa miwani yake.

"Tunamwona, Bi Roswitha, karibu sana. Lakini kwenye shughuli ya klabu husema mwanachama tu. Eckart alifutwa."

"Alifutwa kwa uongo!"

"Inawezekana. Angekuwa mwanachama, angetueleza."

"Muulizeni basi Volkmar! Yeye si mwanachama?"

"Volkmar, una neno?" aliuliza Zeller.

Volkmar alitikisa kichwa. Alikuwa akirekebisha kioo cha pembeni. Roswitha alimchukia wakati ule, akamchukia na Zeller, na kidogo akamchukia na mume wake kwa upole wake.

Mchungaji alisoma majina. Alipomaliza, akafunga kitabu, akanyunyizia magari maji, na Eckart akavua kofia kama wenzake.

Magari yakaondoka kwa zamu kuelekea kanisani. Gari la kijani, Eckart kando ya Volkmar, lilipofika kwenye kona, uwanja mzima ulinyoosha shingo, kwa sababu kila mmoja aliijua kona ile. Gia ya tatu iliingia bila kukwaruza, na gari likapinda taratibu likapotea nyuma ya ukuta.

"Safi sana, Volkmar!" Bwana Zeller alipiga kelele, na watu wote wakapiga makofi.