Unga wa Kumbikumbi

Simu ya mama ilimkuta Julieth Lugembe akiwatilia nyenje pumba, kwenye chumba cha chuo pale Tabora ambacho wenzake walikibatiza "kwaya" kwa makelele yake. Ilimbidi atoke nje ndipo asikie.

"Baba yako kakaa kwenye kiti tangu alfajiri," alisema Mama Advera. "Jasho linamtoka na jua halijakolea. Anasema kifua kimemlemea kama katwishwa gunia la mahindi."

"Dawa zake za moyo amekunywa?"

Mama akaanza kusimulia habari za uji aliompikia.

"Mama!"

"Aliziacha. Tangu siku ile ulipozungumza redioni. Anakula kumbikumbi wa kusaga, asubuhi kwenye uji, jioni kwenye mboga. Anamwambia kila mtu hiyo ndiyo dawa ya mwanangu. Mimi nikadhani umemwagiza wewe."

Redioni Julieth alikuwa ameeleza, kwa furaha asiyoweza kuificha, kwamba panya waliolishwa mafuta mengi pamoja na protini iliyotolewa kwenye nyenje, mishipa yao haikuziba kama ya wenzao. Alisema pia kwamba kwa binadamu bado haijajaribiwa. Lakini hilo alilisema mwishoni, muziki ukiwa umeshaanza kupanda.

Tobias, mwenzake wa maabara, alipouona uso wake alichukua funguo za gari bila kuuliza. Wakati wanapita mtaa wa Cheyo, Julieth alikuwa kwenye simu na daktari wa baba yake.

"Asitembee hata kidogo," daktari alisema. "Kama aspirini haimdhuru, atafune, asimeze nzima. Kisha mleteni upesi."

Walisimama duka la dawa, wakanunua, wakashika njia ya Igalula, kijijini kwa wazazi wake Julieth. Mvua ilikuwa imeichimba barabara vibaya. Tobias alikwepa shimo akaingia jingine, na Julieth akajikuta anakanyaga sakafu ya gari kana kwamba pedeli ya mafuta iko upande wake.

Mzee Octavian alikuwa kibarazani, mkono kifuani, midomo imepauka kama majivu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umeacha kazi kwa ajili ya kiungulia?"

"Tafuna hii, baba."

Mzee aliusukuma mkono wa binti yake. "Vidonge nilishaachana navyo. Nimekusikia kwa masikio yangu, Igalula nzima imekusikia. Wadudu wanazibua mishipa."

"Nilisema kwa panya."

"Panya hana mishipa?"

"Anayo. Lakini wale nimewalisha mimi kabla mishipa haijaharibika. Yako ilishaharibika, baba. Tena walikula protini ya nyenje tuliyoitoa maabara. Hawakula kumbikumbi wa kwenye uji. Kama ingekufaa wewe, sijui."

Mzee alimkazia macho. Pumzi zilikuwa zinakatika. "Hujui? Mimi nimewaambia watu kwamba mwanangu anajua."

Maneno hayo yalimchoma Julieth. Ingekuwa rahisi kumpoza kwa kusema dawa yake ni nzuri ila ichanganywe na za hospitali. Akapiga magoti. "Sijui, baba. Ningekuwa najua ningekuletea mwenyewe. Ninachokijua ni hiki kidonge. Nakusihi."

Maumivu yakamkamata tena mzee, akajikunja. Yalipolegea alifungua kinywa kama anayepokea komunyo. Akatafuna.

Walimbeba na kiti chake hadi kwenye gari, lakini walipofika kwenye kivuko cha reli walikuta treni ya mizigo imesimama, mabehewa yameziba njia. Tobias alipiga honi. Hakuna kilichotikisika. Nyuma, mama alikuwa akisali kwa Kinyamwezi, sauti ikizidi kupanda, na mzee alikuwa amefumba macho.

Julieth alishuka akakimbia hadi stesheni. "Nina mgonjwa wa moyo kwenye gari!" alimpigia kelele stesheni masta. "Baba yangu anakufa!" Yule bwana alichungulia dirishani, akaliona gari, akashika redio ya upepo. Julieth hakusikia alichosema. Alisikia vyuma vikigongana, behewa moja baada ya jingine, na treni ikaanza kujivuta, taratibu mno, mpaka njia ikaonekana.

Hospitalini walimpokea kwa machela. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umeziba, daktari alieleza baadaye, na sehemu ya moyo imekufa wala haitarudi. Angeishi, ila jembe asahau.

Siku alipopata nguvu ya kuketi, Octavian alimeza vidonge vyake mbele ya binti yake, akageukia ukutani. Julieth alikaa tu, anamenya chungwa ambalo hakuna aliyelitaka.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee kutoka Nzega, alimwita kwa kidole.

"Wewe ndiye yule wa redioni?" alinong'ona. "Huo unga naupata wapi? Hawa wauguzi wasijue."

Julieth aliona bega la baba yake limetulia ghafla, anasikiliza. Akaweka chungwa chini, akavuta kiti hadi kando ya kitanda cha yule mzee.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Unga huo sina. Kwanza niambie, dawa zako za leo umekunywa?"