Baba wa Filamu Alivyofia Chumbani Kwetu

Wengi walioiona ile filamu walilia mahali pamoja: pale baba anapokata roho, na mkono wa mwanamke unaingia kumshika. Chumba kile ni cha mama yangu. Mkono ule pia ni wake.

Mimi ni mpambaji. Kazi yangu ni kuwapaka waigizaji poda, kuwachora makunyanzi na kuwatia mvi wasizokuwa nazo. Mwongozaji alikuwa anahangaika kutafuta nyumba yenye korido ndefu na chumba cha kulala kinachopata jua la asubuhi, nikaropoka kwamba kwetu ipo. Nilimuuliza mama nikitegemea atakataa. Baba alikuwa hajatimiza mwaka tangu afariki, tena chumbani humo humo.

"Waje," mama alisema. "Nyumba imenyamaza mno."

Wakaja na nyaya, mataa, masanduku na viatu vya matope. Mama na kaka yangu wakahamia chumba cha uani. Tangu siku ya kwanza mama hakutulia. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alifagia korido mpaka fundi wa sauti akamwomba kwa heshima, "Mama yangu, ufagio wako unaingia kwenye maneno yetu." Akauweka ufagio, akaanza kupanga vikombe. Mlango wa jikoni ulifunguka na kufungwa kutwa nzima.

"Mama, kaa basi," kaka alimwambia.

"Nikae nifanye nini?"

Aliyeigiza baba alikuwa mchekeshaji, na nchi nzima ilimjua kwa jina la Tumbo. Mwongozaji alimchagua makusudi, maana alitaka mtu aliyezoeleka kwa vicheko awalize watu. Tumbo mwenyewe alikuwa anaogopa.

"Dada, nikifa vibaya watanicheka mpaka kaburini," aliniambia.

Na kweli, siku ya kifo mambo yaligoma. Mara ya kwanza alikufa, mpiga kamera akaangua kicheko kwa sababu lile tumbo lilikuwa bado linapanda na kushuka. Mara ya pili marehemu alipiga chafya. Kisha mkewe wa kwenye filamu, mwigizaji mkubwa ambaye sote tulimwita Malkia, akalia kwa kishindo hadi mgonjwa akafumbua jicho moja kumtazama. Jua lilikuwa linahama dirishani na mwongozaji anatafuna kucha. Rudieni. Haya, rudieni tena.

Nilikuwa naingia na kutoka na poda yangu, na kila nikitoka namkuta mama amesimama koridoni na kitambaa cha vyombo, anakikamua ingawa ni kikavu.

"Baba yako alikufa mara moja," alisema bila kunitazama. "Huyu anakufa tangu asubuhi. Hawachoki?"

"Ndiyo kazi, mama. Nenda kapumzike."

Akaenda hatua chache, akarudi.

Safari iliyofuata Malkia alijitupa kitandani akipiga mayowe, akimtikisa mgonjwa mabega. Sikuona mama aliponipita. Niliona tu mlango umesukumwa.

"Mwacheni apumue!"

Hakupaza sauti sana, lakini Malkia alinyamaza papo hapo, akarudi nyuma. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika Tumbo mkono, akamfuta jasho nililomtengenezea mwenyewe kwa glisirini. Kisha akasema kama mtu anayejibu swali:

"Watoto wameshakula. Mlango nimefunga. Wewe lala."

Kila usiku kabla ya kulala baba alikuwa akiuliza hivyo: watoto wamekula? Mlango umefungwa? Hata tulipokuwa watu wazima aliuliza. Hapo hakuna aliyelijua hilo isipokuwa mimi, na kaka aliyekuwa anachungulia kwa nje dirishani. Tumbo alifumbua macho, akamwona mwanamke ambaye hakumtarajia, machozi yakamtiririka hadi masikioni. Akayafumba tena. Kifua kikatulia. Mwongozaji alisahau kusimamisha kamera.

Mama aliinuka, akashtuka kuona macho yote yale.

"Samahani jamani," alisema, akatoka kwenda kuosha masufuria masafi.

Siku ile tuligombana. Mwongozaji aliomba kipande kile kibaki kilivyo, kwani sura ya mama haionekani. Ni mgongo, mkono na sauti tu. Kaka hakutaka hata kusikia.

"Maneno ya baba yakachezewe mbele ya watu wanaotafuna bisi?"

"Hawajui kama ni ya baba," nilimwambia.

"Mimi najua!"

Mama alikubali, baadaye akakataa, kulipokucha akakubali tena kwa sharti moja. "Maneno wachukue," alisema. "Sauti yangu waniachie." Basi Malkia akaingia studio, akayasema yeye.

Filamu ikavuma kuliko tulivyotarajia. "Watoto wameshakula" ikaandikwa nyuma ya malori, na watu maofisini wakawa wanaagana nayo. Malkia akapewa tuzo. Kwenye televisheni mtangazaji akamuuliza maneno yale aliyatoa wapi. Akafumba macho kidogo. "Yalinijia tu," alisema. "Moyo ndio ulisema."

Nilirusha mto kwenye kioo cha televisheni. Kaka alikuwa ameshashika simu.

"Huyu leo atanitambua."

Mama akamnyang'anya. "Mwache. Afadhali wamuulize yeye."

"Kwa nini, mama? Si ni yako?"

Mama alizima televisheni, akaenda kukunja mashuka.

Aliyekuja kupata jibu ni Tumbo. Alifika mchana mmoja bila kutoa taarifa, kofia mkononi, wala hakutania mtu. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Tukampa kiti, akakaa upande upande.

"Mama, tangu siku ile sipati usingizi vizuri," alisema. "Nikifumba macho nausikia ule mkono. Ulikuwa unaongea na mimi?"

"Sikuwa naongea na wewe, mwanangu." Kisu kiliendelea kutembea. "Mume wangu alikuwa anauliza. Siku yake ile ya mwisho aliuliza asubuhi nzima. Watoto wamekula? Mlango umefungwa? Namjibu, anauliza tena. Nikachoka. Nikamwambia ngoja nianike nguo, nakuja. Nguo zenyewe zilikuwa mbili. Nikazianika taratibu, nikasimama huko nje napunga upepo. Huku nyuma namsikia bado anauliza. Niliporudi alikuwa ameshakwenda."

Kaka alinitazama. Sisi tuliambiwa baba alikufa mama amemshika mkono. Kwenye msiba alimweleza hivyo kila aliyeingia, na sisi tukawa tunawaeleza wengine.

Kisha Tumbo akasema, "Najua si mimi niliyeuliza. Lakini nilikusikia, mama. Nilikusikia vizuri sana."

"Ungesikiaje? Si ulikuwa umekufa?"

"Nilikufa vibaya. Waulize hawa."

Mama akacheka, kicheko kilichomtoka ghafla, kikageuka kilio katikati. Kaka akamtoa kisu mkononi polepole, akavuta kigoda, akaanza kumenya viazi vilivyobaki. Mimi nikamkumbatia mama kwa nyuma, nikiwa nimekasirika, nikiwa namwonea huruma, sijui kipi kilitangulia.

Wiki iliyofuata aliniomba nimpeleke makaburini. Tangu mazishi hakuwahi kwenda. Kila tukimwambia alikuwa na shughuli. Nilidhani atazungumza na baba, nikajitayarisha kusogea pembeni. Badala yake aliinama akang'oa magugu, yote, hata ya kaburi la jirani, akanituma maji ya kumwagia maua. Niliporudi na ndoo nilimkuta ameshatangulia getini, mikono ina udongo, ananiuliza tutapitia sokoni au tutaenda moja kwa moja nyumbani.