Rudi Jumatatu

Imamu alipotangaza Ijumaa majina ya wanaokwenda kuhiji kutoka mtaa wetu, la tatu lilikuwa la Abdinajib. Nilisema alhamdulillahi, na si kwa sababu nilimfurahia. Hapa kwetu Chechelesi, mtu kabla hajaenda Makka huzunguka kwanza kwa kila aliyemkosea, mlango kwa mlango, amwambie nisamehe. Akiacha hata mmoja, anapanda ndege na mzigo ambao haupimwi uwanjani.

Kwa hiyo nilijua atakuja kwangu. Nilikuwa nimemngoja miezi saba.

Mume wangu Abdighani alipofariki, msichana wetu Fardowsa alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa diploma ya lishe kule Meru. Mimi nilikaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, na mtoto hakutaka nikae peke yangu. Akahamia chuo kimoja cha kibinafsi hapa mjini. Msajili wa chuo hicho ni Abdinajib. Alishika karatasi ya matokeo ya Meru, akaigeuzageuza, akasema, "Muhuri hausomeki. Rudi Jumatatu." Jumatatu akataka barua kutoka Meru. Barua ikaja, akasema haina tarehe. Rudi Jumatatu. Mtoto alienda mara kumi na moja. Mimi siwezi kutoka, namwangalia tu dirishani, akienda ameinua kichwa, akirudi ameinamisha.

Mwishowe wakamrudisha mwaka wa kwanza, asome upya yale aliyokwisha kupita. Wenzake walikuwa wadogo kwake, wakamwita Shosho, yaani bibi kizee. Akiinua mkono darasani, Abdinajib, ambaye pia alikuwa akiwafundisha, husema, "Haya, tumsikie profesa wa Meru." Wanacheka. Akaacha kuinua mkono. Msichana aliyekuwa nambari mbili Meru akaanguka mtihani ambao alikuwa ameshaupita. Asubuhi moja akaniambia, "Hooyo, mama yangu, acha niuze maziwa na wewe. Kichwa yangu imekataa."

Eda ilipoisha, mahali pa kwanza nilipoenda ni ofisi ile. Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka mlangoni. Nikasema, mwalimu, huyu mtoto alipita. Akaniangalia kuanzia kwa viatu.

"Mama, wewe mwenyewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi mambo ya chuo achia watu wa chuo."

Foleni yote ilicheka. Nilirudi nyumbani nikaswali adhuhuri, na nikiwa nimesujudu nikamwambia Mungu: sitamlaani huyu mtu. Nipe tu siku moja anihitaji.

Alikuja Jumamosi, kofia nyeupe, ananukia udi. Jirani yangu Kathambi, anayeuza mboga sokoni, alikuwa uani akingoja maziwa yake ya ngamia.

"Salaam aleikum, Mama Fardowsa."

"Aleikum salaam, Mwalimu. Kaa." Nikamwonyesha kile kigoda ninachokalia nikiosha mitungi ya maziwa. Alikunjika, magoti yakafika kidevuni.

"Naondoka Alhamisi, inshallah. Nimekuja unisamehe, kama kuna mahali nilikukosea."

"Kama?"

"Pale nilipokukosea, mama."

"Wapi?"

Akatazama chini. "Yale maneno ya ofisini. Na mambo ya msichana."

"Hayo umeyaandika?"

Alicheka, akidhani natania. Akaniona usoni, akaacha.

"Andika ulimfanya nini yeye, na mimi uliniambia nini. Piga muhuri. Rudi Jumatatu."

Kathambi alifunika mdomo na leso. "Wewe, si huyu ni mkubwa wa chuo?"

"Ndiyo. Kazi ya karatasi anaijua."

Jumatatu akaleta barua. Niliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, naye kwenye kigoda. Mungu anisamehe, muhuri ulisomeka vizuri kabisa.

"Muhuri hausomeki," nikasema. "Na hapa sioni Fardowsa anaenda darasa gani."

"Mama, hiyo mpaka mkuu wa chuo aweke sahihi."

"Basi amka umtafute. Rudi kesho. Wewe ulikuwa unampa wiki nzima, mimi nimekuonea huruma."

Jumanne akarudi anatoka jasho. Masomo yote ya Meru yamekubaliwa, moja moja, Fardowsa aingie mwaka wa pili, sahihi mbili, muhuri mweusi kama lami. Nikamwambia ni barua nzuri, lakini mtoto hakuchekwa kwa barua, alichekwa darasani. Akaisome huko.

Jumatano Fardowsa alifika nyumbani kutoka chuoni karibu anakimbia. "Hooyo, amesimama mbele ya wote! Amesema, nilikosea. Hakuna mtu amecheka." Abdinajib alikuwa nyuma yake langoni. Akamwomba msamaha, na mtoto, bila hata kunitazama, akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Safari njema."

Msamaha ule ulikuwa wake. Akautoa.

"Na wewe, mama?" Abdinajib akaniuliza.

Nilikunja barua, nikaiweka kwenye bahasha ya marehemu, pamoja na cheti chake cha kifo.

"Ombi lako nimelipokea. Likishughulikiwa utaitwa."

"Mama! Naondoka kesho asubuhi!"

"Najua. Hata mwaka wa mtoto uliondoka, haukumngoja."

Safari hii Kathambi, aliyekuwa amekuja tena kwa maziwa yake, hakucheka. Yule mtu alipotoka, Kathambi alinivuta mkono. "Mpatie tu, Mama Fardowsa. Mtu anaenda kwa Mungu."

"Mungu ndiye aliyenipa siku hii," nikamwambia, nikarudi kwa mitungi yangu.

Fardowsa sasa yuko mwaka wa pili. Kuna somo la hesabu za chakula ambalo hapa hufundishwa tofauti na Meru, na bado linamtoa machozi, lakini mkono anainua. Mimi naswali tano zangu. Nikifika pale pa kuomba nisamehewe sauti yangu hupungua, na Mwenye kusikia anajua kwa nini.

Juzi hajji amerudi. Alileta tende na chupa ya maji ya zamzam, nikapokea kwa mikono miwili, maana si adabu kukataa. Akabaki amesimama langoni, ndevu amezipaka hina.

"Mama, na lile ombi langu?"

Nikaangalia kigoda. Kilikuwa palepale karibu na mitungi.

"Bado, Hajji," nikamwambia. "Rudi Jumatatu."