Kuku wa Marehemu Getruda

"Rudisha kuku wangu, wewe mwanamke!"

"Maiti hasemi," alijibu Benedikta, tetea kambana kwapani. "Wewe Getruda umeshakufa zamani. Sisi watani ndio tunaozika, na vya marehemu tunachukua. Au na desturi umeisahau?"

Getruda alisimama mlangoni, hasira na kicheko vikigombania uso wake. Mnyamwezi na Mluguru ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hakasirikiwi. Mtaa mzima wa Kanyenye unalijua hilo, ndiyo maana watu walishaanza kujaa uani. Hata Amne wa nyumba ya pili, Mwislamu, alikuja na mchele wake kwenye ungo, akipeta hapo hapo ili asipitwe.

"Babu zako walipita kwetu Uluguru wamejitwika pembe za ndovu za Waarabu," Benedikta aliendelea, "wakatumalizia mahindi. Leo najilipa."

"Haya, nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Aibu."

Hakuna pale uani asiyekijua kisa hicho. Kwaresima ilipokuwa bado changa, kanisa limetulia kwa toba, Getruda, mwanzishaji wa nyimbo, alifumba macho, akavuta pumzi, akaachia Aleluya ya Pasaka, ile ndefu yenyewe, neno ambalo Kwaresima nzima haliimbwi kanisani. Likapaa hadi kwenye mabati. Apolinaria, anayesimama naye bega kwa bega, akaangua kicheko. Kabla jua halijazama habari ilishafika duka la Gulamali, na huko ikatiwa chumvi: eti Getruda alicheza na ngoma! Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani. Kusali alisali, lakini nyumbani, mlango kaufunga.

Na Pasaka ndiyo hiyo, Jumapili inayokuja.

"Mwalimu Raymundi kawajaribu wanakwaya wote waianzishe ile yako," Benedikta alisema. "Kila mmoja anaianzia juu, akifika katikati sauti inamkauka. Sasa maskini katekista wetu huyo anasema ikishindikana tutaitamka tu, kama makarani wanaohesabu magunia stesheni."

"Usinitanie."

"Ndiyo kazi yangu. Waombolezaji, sikilizeni! Marehemu alikuwa akiimba hivi." Akashika kiuno, akatoa kifua, akafumba macho, Getruda mwenyewe. "A-le..."

Getruda aliruka, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Wewe! Bado Kwaresima!"

Kuku akaponyoka, akapita juu ya ungo wa Amne, mchele ukamwagika, Amne akapiga yowe, na watu wote wakavunjika mbavu. Getruda alijizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akakaa kizingitini, machozi yakimtoka.

Benedikta akakaa ubavuni mwake, sauti akaishusha. "Haya, na mimi nimeianza kabla ya Pasaka, sasa tuko wawili. Na mimi nisiende tena kanisani?"

"Wewe nenda."

"Peke yangu siendi. Mwenzangu, kosa lako ni lipi? Umeifurahia Pasaka mapema, basi. Mungu hajakukasirikia, na sisi tunakungoja. Bila wewe tunaimba kama tuna njaa."

Getruda alifuta macho kwa pindo la kanga. "Wanaianzia juu," alinung'unika. "Ile huanzia chini, tumboni. Mwambie Mwalimu jioni nakuja mazoezini."

Alipoinua macho akamwona Apolinaria nje ya ua wa mabua, bakuli la asali ya Ipole mikononi, haingii wala haondoki.

"Dada, niliyecheka ni mimi," Apolinaria alisema. "Na kwa Gulamali niliyepeleka habari ni mimi. Lakini hiyo ngoma, haki ya Mungu, wameongeza wengine!"

Amne, akiokota mchele wake, akainamisha kichwa haraka.

Getruda alimtazama Apolinaria, kisha akalitazama bakuli.

"Na wewe umesimama huko kama askari wa boma, kwa nini? Mboga ya nsansa iko jikoni, nimeiunga kwa karanga, na ugali ungali moto. Huyo kuku atangoja Pasaka. Ingia, mwenzangu, tule. Na hiyo asali usije ukaiacha nje."