Usingizi Uliokutwa kwenye Sampu

Gari lilikuwa limepandishwa juu ya mawe kando ya ukuta wa jikoni, na miguu ya fundi ilichomoza chini yake kama ya mtu aliyemezwa akakataa kuisha. Mama Pacha alikuwa kizingitini anamenya viazi, pacha mmoja mgongoni, mwenzake chini anatafuna maganda.

Mumewe ndiye aliyekataa injini kushushwa. "Ikishuka haipandi," alisema, na ushahidi alikuwa nao: jirani alishushiwa ya kwake, sasa kuku wanatagia ndani ya gari. Kwa hiyo kila kitu kifanyike humo humo. Fundi akakubali. Atafungua juu, atafungua sampu, lile bakuli la oili, chini, atazisukuma pistoni zitokee juu, azivishe ringi mpya, aweke gasketi mpya, afunge. Injini yenyewe haitajua kama imeguswa.

Ilikuwa imechoka kweli. Ilikula oili kuliko pacha walivyokunywa maziwa, ilitoa moshi wa buluu, na haikuwaka bila kusukumwa. Kila alfajiri Mama Pacha alijifunga mtoto, akaweka bega nyuma ya gari na kusukuma, huku mumewe, akiwahi kubeba abiria, ameshika usukani akimtia moyo kupitia dirishani. Hakukumbuka ni lini alilala mpaka usingizi ukamwisha wenyewe. Siku hizi ulimkatiza katikati ya neno.

Fundi akakohoa kule chini, akamwita mume. "Bosi, leta karai. Lile kubwa."

Kilichotoka kwenye sampu, baada ya oili, kilikuwa usingizi. Ulikuwa wa kijivu, mzito kama blanketi lililolowa, bado vuguvugu, na ulishuka ukijikunjua bila haraka mpaka karai likajaa. Fundi akajiburuta nje, akafuta mikono. Alishawahi kukuta usingizi kwenye magari ya kusukuma, ila si mwingi hivi.

"Ringi zikilika, injini inakosa nguvu ya kuvuta," alieleza. "Inafyonza popote inapopata. Huu ni wa nani?"

Mume akainama, akaunusa. "Wangu siyo. Mimi wangu naulala wote."

"Hilo mtaa mzima unalijua," alisema Mama Pacha. Akachovya kidole. Ulinukia poda ya watoto, na upande mmoja ulikuwa na mikunjo ya mto wake. "Ni wangu, shemeji. Wa tangu hawa wazaliwe."

Fundi akajikuna kisogo. Katika kazi yake, kila kinachotolewa kwenye gari hukabidhiwa mwenye gari, aone kwa macho yake kwamba hakikurudishwa.

"Kadi ya gari ina jina la nani?"

"Langu," alisema mume, kwa upole, kama mtu asiyependa ugomvi.

"Baba Pacha, usingizi wangu utaufanyia nini?"

"Nitauweka. Gari linaweza kuuhitaji."

"Lilale?"

"Sijasema lilale."

"Ukikaa juani unachacha, bosi," alisema fundi. "Na humu, nikishafunga ringi mpya, haurudi."

Mume akafikiri. Akamruhusu mkewe autumie, ila asiumalize.

Mama Pacha akamkabidhi pacha, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Akalibeba karai hadi chumbani, akajilaza, akauvuta usingizi mpaka kidevuni. Akalala fundi akigonga pistoni. Akalala injini ilipowaka kwa ufunguo mmoja tu, sauti nyororo kama cherehani. Viazi vilivyomenywa vikageuka vyeusi. Mumewe akaja mlangoni, watoto wakimning'inia, akauliza chumvi iko wapi.

"Rafu ya pili, nyuma ya sukari," alijibu, bila kuamka.

Alipoamka, karai lilikuwa tupu na uso wake umenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Mumewe alikuwa na furaha isiyo kifani.

"Hatusukumi tena, mama! Na kwa ule muda tuliokuwa tunapoteza kusukuma, sasa nitawawahi abiria wa kwanza kabisa. Chai tu iwe tayari mapema zaidi kidogo."

Kesho yake Mama Pacha akawasha jiko mapema zaidi kidogo.

Baada ya wiki kadhaa fundi alipita kukagua kazi yake. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga, akamwita Mama Pacha badala ya bosi. Juu ya alama ya oili palikuwa na utando wa kijivu, vuguvugu.

"Umeanza tena, shemeji. Na ringi ni nzima. Sijui unapitia wapi."

"Mimi najua," alisema Mama Pacha, akamwomba amwoneshe jinsi ya kufungua boneti.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri, birika likiwa jikoni na mumewe akikoroma, yeye hutoka uani, huchomoa kijiti, hukifuta kwa ncha ya kidole na kujipaka utando huo kwenye kope. Kisha huegemea gari na kulala palepale, wima, mpaka maji yachemke.