Simu Iliyolia Mwambani

Kwanza nikuambie, mimi si mtoto wa kupotea ovyo. Nimezaliwa Gesima, nimechuma majani chai tangu darasa la nne, na ule mwamba ulio juu ya mashamba yetu nimeupanda mara nyingi kuliko ngazi za shuleni. Kwa hivyo usiniulize kama walimu wangu, "Ati Mong'ina, ulienda kufanya nini kule peke yako?" Nilienda kungoja simu ya mama. Basi.

Mama yuko Saudia, huu mwaka wa pili, anafanya kazi ya nyumba. Tajiri wake humpa simu kwa muda wa saa moja tu kila wiki, Jumamosi asubuhi, wenye nyumba wakiwa bado wamelala. Na Jumamosi, kwa Magokoro, nyanya yangu ninayeishi naye, ni Sabato. Ijumaa jua likizama, kila simu nyumbani inazimwa, na ole wako akusikie ukibonyeza. Sasa niambie, mtu afanye nini? Mama ana saa moja, na saa hiyo hiyo Magokoro ameshampa Mungu.

Ndiyo maana nikawa mtu wa kutoroka. Chini kidogo ya kilele cha mwamba kuna kibaraza cha jiwe ambapo mtandao unashika vizuri na anayepita njiani hakuoni. Hapo ndipo nilikuwa nazungumza na mama, Sabato baada ya Sabato, halafu nakimbia kanisani na kujipenyeza nyuma kabla ya mahubiri kuisha.

Mpaka siku aliponiambia haji Desemba. Tajiri ameongeza mkataba, mwaka mmoja zaidi, na yeye amekubali. Jameni, nilifura! Alikuwa ameniahidi. Nikamwambia, "Kaa huko basi, kama ndiko kwenu. Usinipigie tena." Nikakata. Jumamosi iliyofuata hakupiga. Iliyofuata tena, kimya. Nikipiga mimi, simu yake imezimwa. Nililia chini ya blanketi hadi Magokoro akaniletea dawa ya malaria, nami nikaimeza kwa sababu ningemwambia nini?

Jumamosi ya tatu nikasema leo sitoki pale mwambani hadi saa yake iishe yote, na nitamwomba msamaha hata kabla ya salamu. Nikamwambia Magokoro naenda na kwaya kuimba Keumbu, nitarudi jioni. Nikamwambia Emily, kiongozi wa kwaya, kwamba tumbo linanisokota, nitabaki nyumbani. Uongo mara mbili, na ulivyoshikana vizuri! Nilijisifu njia nzima.

Saa nne kasorobo nilikuwa nimefika. Simu niliiweka juu ya jiwe moja kwa sababu ukiishika mkononi mtandao unacheza. Nikangoja. Saa nne. Saa nne na robo. Baridi ikanipanda miguuni, nikasimama kujinyoosha pale ukingoni. Simu ikalia.

Niligeuka mbio. Jiwe lilikuwa na ule utelezi wa kijani wa mahali pasipoona jua, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani. Nakumbuka mkono wangu ukishika majani, majani yakang'oka, halafu nikawa chini.

Sikuanguka hadi bondeni, namshukuru Mungu. Nilitua juu ya kijukwaa kingine cha jiwe, kipana kama kitanda, kama urefu wa nyumba mbili kutoka nilipokuwa. Mguu wa kulia ulikuwa umejikunja vibaya chini yangu. Lakini sikuuangalia kwanza, haki ya Mungu. Nilikuwa nasikiliza simu. Ilikuwa bado inalia huko juu. Ikanyamaza. Ikalia tena. Nami nikapiga kelele, "Mama, niko hapa! Ngoja, niko hapa!" utadhani simu ina masikio bila kuguswa. Ikalia mara nne. Mara ya nne ikakatika katikati, na nikajua wenye nyumba wameamka.

Hapo ndipo maumivu yakanifikia. Kifundo kilivimba nikikiangalia. Lakini kilichoniuma zaidi nakuambia wazi: mama amepiga mara nne na mimi sijashika. Ataenda kuosha vyombo vya watu akijua kwamba binti yake bado amemkasirikia, na pengine Jumamosi ijayo hatajisumbua.

Nikaanza kuita. Chini yangu mashamba ya chai yalikuwa yametandazwa hadi mtoni, mabati ya nyumba yaking'aa, na hakuna mtu hata mmoja. Siku nyingine yoyote ungewaona wachumaji na vikapu mgongoni, ungesikia redio, ungesikia mtu akigombana na ng'ombe. Sabato, hapana. Moshi hata wa jiko moja hakuna, maana chakula kilipikwa jana. Niliichagua siku hiyo kwa sababu hakuna wa kuniona, nikawa sijafikiria kwamba asiyekuona pia hakusikii.

Halafu wakaanza kuimba. Kanisa letu liko ng'ambo ya pili, na upepo ulikuwa unaleta wimbo hadi hapo nilipokaa, sauti za watu mia mbili. Niliijua sauti ya Magokoro ndani yake, ile inayochelewa kidogo kila mstari. Wakinyamaza nilikuwa naita. Wakianza tena nilinyamaza, maana nani angenisikia? Nilikuwa nawasikia vizuri sana na hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitafuta. Magokoro alijua niko Keumbu. Emily alijua niko kitandani. Hakuna mahali duniani ambapo nilikuwa nimekosekana.

Pimbi mmoja akatoka kwenye ufa, akaniangalia, akaanza kula majani yake. Nikamwambia, "Na wewe huna kanisa?" Akarudi zake ndani. Nililia kwa ajili ya pimbi, unaweza kuamini?

Baadaye hasira ikanisaidia. Nikasema sawa, napanda, naichukua simu, nampigia mama, halafu ndiyo nife kama ni kufa. Nikachana kitambaa changu cha kichwa, nikavunja vijiti viwili, nikafunga mguu. Nikapanda kwa mikono na goti. Nilifika karibu nusu. Mkono wa kushoto ukashika mzizi, mzizi ukatoka wote pamoja na udongo, na nikateleza hadi pale pale, kucha mbili zimeng'oka. Kidogo tu nipitilize kijukwaa chenyewe. Nililala kifudifudi shavu likiwa juu ya jiwe, na sikuthubutu kusogea kwa muda mrefu.

Saa nane mawingu yakafunga. Huku kwetu mvua ya mchana haikosi, lakini siku hiyo ilikuja na mawe ya barafu. Nilikaza kichwa katikati ya magoti nikafunika shingo kwa mikono. Yalinipiga mgongo, yakanipiga vidole, na chini nilisikia yakichapa mabati ya kijiji kizima. Yalipokwisha, maji yakaanza kushuka kutoka juu na kupita hapo hapo nilipokaa, mwanzo kidogo, halafu mengi. Nikajua hapa sikai.

Juu kulikuwa na simu. Chini kulikuwa na njia ya maji yenye mawe na vichaka, mteremko mkali lakini wa kushukika kwa kitako. Nakuambia nililia wakati wa kuchagua. Simu ilitoa ule mlio wa kuisha chaji, mara moja tu, nikaisikia katikati ya maji. Nikaiambia, "Kwaheri," na nikageuka.

Nilishuka kwa makalio, mgongo ukiegemea jiwe. Kila mzizi niliuvuta mara tatu kabla ya kuuamini. Ukitoka, nautupa, natafuta mwingine. Mguu mbovu niliuinua mbele, na kila ulipogusa kitu nilimtukana mtu nisiyemjua. Mahali pamoja palikuwa na miiba mitupu na hakuna pa kuzunguka, nikaishika. Sijui ilichukua muda gani. Najua kanisani waliimba wimbo wa mwisho, wakanyamaza, na mimi bado nilikuwa kwenye mawe.

Kwenye chai nilitambaa. Michai imepandwa imebanana, majani yote yamepasuliwa na mvua ya mawe, matope hadi mdomoni. Nilipofika barabarani nilijilaza tu ukingoni, uso juu.

Aliyenikuta ni Kaltuma, mama wa Keumbu anayezungusha vyombo vya plastiki kwa tuktuk yake. Kwao Jumamosi ni siku ya kazi. Alifunga breki hadi mabeseni yakamwagika.

"Subhanallah! Mwanangu, umetoka wapi hivi? Wenu wako wapi?"

"Kanisani," nikasema. "Mama, naomba simu."

"Simu ya nini? Hospitali kwanza! Hebu ona huo mguu."

"Naomba simu. Namba ya mama yangu naijua kwa kichwa. Yuko Saudia. Tafadhali."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaniinua, akaniketisha katikati ya ndoo, akaandika namba nilivyomtajia, akapiga na kuweka spika. Safari hii haikuwa imezimwa, ikashikwa haraka. Mwanamke, si mama, kwa Kiarabu, kwa ukali. Kaltuma aliwahi kufanya kazi Jeddah miaka mitatu. Akamjibu kwa upole, akasikiliza, akaniambia, "Anasema mama yako yuko kazini. Saa yake ya simu ilikwisha asubuhi. Hampi."

Nyuma ya yule mwanamke nilisikia maji ya mfereji na sahani zikigongana.

Nikainyakua simu. Nikapiga kelele kwa Kikisii, kwa nguvu yote iliyokuwa imebaki, "Mama! Ni Mong'ina! Sijakasirika, nilianguka! Nisamehe! Nipigie, mama! Nipigie tena!"

Mwanamke akafoka. Sahani zikanyamaza. Kwa sekunde moja nilisikia maji peke yake, halafu ikakatwa.

Kaltuma akanipangusa matope usoni kwa ncha ya mtandio wake. "Amekusikia?"

"Sijui," nikasema. "Sahani zilinyamaza."

Kaltuma akawasha tuktuk, akaigeuza upande wa hospitali. Nikamwomba niishike simu yake hadi tufike.

"Ishike tu, mwanangu," akasema. "Hata tukifika."