Kiti cha Kumi na Mbili

Kocha Orval Dunlevy alikuwa amestaafu miaka saba, lakini mji mzima wa Bramlett ulikuwa bado unamwita Kocha, kuanzia mchungaji hadi mama wa posta. Ni mji mdogo wa mashariki mwa Oklahoma, na watu wake wana jambo moja la kujivunia, nalo ni timu ya futiboli ya chuo chao: ile futiboli ya helmeti na kusukumana, ambayo kule hufuatwa kwa bidii kuliko ibada.

Mwaka ule Bramlett ilicheza mechi kumi na mbili ikashinda zote. Wazee wenye kumbukumbu nzuri walisema hilo halijawahi kutokea tangu chuo kijengwe. Kilichoharibu raha ni kwamba timu haikuwa na ligi. Miaka miwili nyuma vyuo vikubwa vilikuwa vimekimbilia kwenye ligi zenye mikataba minono ya televisheni, ligi yao ikavunjika, na Bramlett ikabaki kama mgeni aliyesahauliwa harusini, inaomba mechi huku na huko, anayekubali ndiye inayecheza naye. Na bingwa wa nchi hatafutwi kwa msimamo wa ligi. Kamati ya watu kumi na watatu hujifungia kwenye hoteli moja nje ya Dallas, inatazama video na takwimu, na Jumapili ya kwanza ya Desemba inataja timu kumi na mbili zitakazoingia kwenye mtoano. Waliobaki nje huenda kulia makwao.

Orval alikuwa mmoja wa hao kumi na watatu. Lakini binti yake, Corinne, ndiye aliyekuwa akiwafundisha wapiga mateke wa Bramlett, wale wanaofunga kwa mguu, na sheria ilisema wazi: timu ikiwa na ndugu yako, huipigii kura, wala hukai chumbani ikijadiliwa. Orval aliongeza sheria yake mwenyewe juu ya hiyo. Tangu Agosti yeye na Corinne hawakuongea neno lolote la futiboli. Kila Jumapili walikula pamoja, wakazungumzia gari linalovuja mafuta na sikio la mbwa linalouma, na wote wawili, waliokuwa wameongea futiboli mezani tangu Corinne akiwa na miaka minne, waliinuka na njaa ambayo chakula hakikuigusa.

Mjini hawakumwelewa. Alhamisi kabla ya safari ya Dallas, kinyozi Lyle Pruett alisimamisha mkasi juu ya kichwa cha Orval, wateja wengine wakisikiliza.

"Kocha, hebu nieleweshe. Mtoto wako yuko timu ile. Wewe una kiti kwenye kamati ile. Halafu jina letu likitajwa unatoka nje kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Sasa una faida gani?"

"Nikitoka nje nakunywa kahawa," Orval akajibu. "Ni nzuri kuliko yako."

Wakacheka, na Lyle akacheka pia, ila alipomaliza kunyoa alimshika bega akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wakiachwa mwaka huu, hajui vijana wale wataambiwa nini. Orval alijibu kwamba hata yeye hajui.

Jumapili asubuhi, saa mbili, viti kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha jazwa. Kilibaki kimoja, na timu mbili. Moja ni Bramlett. Nyingine ni Tidewell, chuo kikubwa chenye uwanja wa watu elfu tisini, ambayo ilikuwa imefungwa mara tatu, lakini na vigogo watupu. Mwenyekiti wa kamati, Judith Amsel, mama mwembamba aliyewahi kuwa hakimu, alivua miwani.

"Kocha, naomba utupishe."

Orval akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Kwenye ukumbi mrefu wa nje Ofelia Barrientos alikuwa anapanga mayai, soseji na mikate ya mdalasini. Alikuwa amehudumu pale miaka mitatu, na Orval alikuwa mwanakamati pekee aliyemfahamu kwa jina, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akitolewa nje kila mara. Ofelia alitokea Monterrey, na mpira alioujua ni ule wa miguu.

"Wamekufukuza tena?" aliuliza, akimmiminia kahawa.

"Wamenifukuza, dada yangu."

"Mimi bado sijaelewa hii kazi yenu. Kwetu timu inacheza, inashinda, inapanda. Ikishindwa inashuka. Nyinyi timu imeshinda zote, halafu watu wanakaa chumbani wanaulizana kama imeshinda kweli."

Orval alianza kumweleza habari za ugumu wa ratiba, kwamba kushinda mechi kumi na mbili dhidi ya wanyonge si sawa na kushinda tisa dhidi ya majabari. Alipofika katikati alijisikia anavyosikika, akala mkate.

Zilipita dakika arobaini. Mlango ukafunguka, Judith akachungulia.

"Tuna swali moja la ukweli mtupu," alisema. "Wewe ulikuwepo uwanjani. Utajibu tulichouliza, basi, utatoka."

Orval akaingia akasimama karibu na mlango. Aliyeuliza alikuwa mkurugenzi wa michezo kutoka majimbo ya kaskazini, mtu mkavu, ambaye kila mtu alijua anaitaka Tidewell. Ushindi mkubwa wa Bramlett msimu ule, alisema, ulikuwa wa Oktoba dhidi ya Carrow, timu iliyokwisha pata kiti. Lakini mrushaji mkuu wa Carrow, yule anayeongoza mashambulizi, aliumia siku ile. Gazeti moja lilisema aliumia mwishoni kabisa, mechi ikiwa imekwisha kuamuliwa. Jingine likasema mapema. Je, aliumia lini?

Orval alijua jibu. Alikuwa amekaa safu ya sita na aliona goti likipinda. Alijua pia jibu hilo litafanya nini: watasema Bramlett ilimpiga mgonjwa. Ilikuwa rahisi mno kusema hakumbuki. Mtu wa miaka sitini na saba akisema hakumbuki, nani atambishia?

"Ilikuwa dakika ya mwisho ya robo ya pili, karibu na mapumziko," alisema. "Hakurudi tena. Kipindi chote cha pili walicheza bila yeye."

Yule mkurugenzi akaandika, akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Orval alikuwa na sentensi moja zaidi mdomoni, fupi tu, iliyokuwa inamuunguza ulimi. Lakini hakuulizwa. Akamtazama Judith, Judith akamwonyesha mlango.

Nje alikaa kwenye kiti. Ofelia alimwangalia.

"Wamekuuliza nini?"

"Siruhusiwi kusema."

"Umedanganya?"

"Hapana."

"Basi kula," Ofelia alisema, akamwekea mkate mwingine.

Akaula bila kuuonja. Aliwaza vijana wale wa Bramlett, watoto wa mafundi bomba na wakulima, ambao vyuo vikubwa havikuwataka. Alimwaza Corinne, ambaye alituma barua vyuo ishirini na sita kabla hajapata kocha wa kumpa kazi, wengine wakimjibu kwamba mwanamke hawezi kuwafundisha wanaume kupiga teke. Na yeye baba mtu ndiye aliyeingia mle ndani akawakata miguu kwa mdomo wake.

Mlango ulifunguliwa tena saa nne na robo. Safari hii walifungua mbao zake zote mbili, ya kulia na ya kushoto, na Judith akamwita aingie akae. Majina yalikuwa ukutani, kumi na mbili, moja chini ya jingine. Orval alisoma kutoka juu, kwa kuwa aliogopa kuanzia chini. Alipofika la mwisho alilisoma mara mbili. Bramlett.

Judith alimweleza kwa kifupi. Baada ya yeye kutoka, mama mmoja aliyewahi kuwa mwandishi wa michezo alisema kwamba kama mrushaji wa Carrow alicheza karibu nusu nzima, basi waitazame hiyo nusu, maana hapo hakuna mgonjwa. Wakaiweka video. Goti lilipopinda, Bramlett ilikuwa inaongoza ishirini na nne kwa tatu.

Hiyo ndiyo sentensi aliyoimeza.

"Kura saba kwa tano," Judith alisema. "Ungesema hukumbuki, tungebaki na magazeti mawili yanayobishana, na nadhani ingekuwa saba kwa tano upande wa pili."

Orval alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Yule mkurugenzi wa kaskazini alikuja akampa mkono. Alimwambia hajabadili msimamo wake, lakini amefurahi kupigwa na mtu mkweli.

Simu zao zilikuwa zimefungiwa kikapuni hadi matangazo. Kwa hiyo ilipofika saa tano Orval alikuwa amesimama kwenye sebule ya hoteli, mbele ya televisheni kubwa, na Ofelia ameacha vyombo vyake amekuja kusimama naye. Zikatajwa timu kumi na moja. Kamera ikaonyesha ukumbi wa mazoezi wa Bramlett: vijana wamekaa sakafuni, wengine wamefunika nyuso kwa kofia. Jina likatokea. Kwa nusu sekunde hakuna aliyeamini, kisha ukumbi ukapasuka. Corinne, mwanamke wa kilo hamsini na tano, alimrukia mgongoni kijana wa kilo mia na arobaini, na yule kijana akakimbia naye akizunguka ukumbi huku analia kama ndama.

"Yupi mwanao?" Ofelia akauliza.

"Huyo aliyepanda farasi."

Ofelia alimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

Aliporudishiwa simu, ilikuwa inatetemeka yenyewe. Redio za Tidewell zilikwisha anza kusema kuna njama ya baba na binti, ingawa waliambiwa mara ishirini kwamba baba alikuwa nje anakula mikate. Mbunge mmoja alidai uchunguzi. Mtu asiyejulikana alimwandikia Orval kwamba atamtumia mbwa wa kumwongoza njia, kwa kuwa ni dhahiri haoni. Alicheka peke yake kwenye maegesho, akampigia Corinne.

"Baba," Corinne alisema, sauti imekauka kwa kelele, "sasa tunaruhusiwa?"

"Tangu saa tano."

Basi wakaongea. Gari lilitoka Dallas, likavuka Mto Red, likaingia Oklahoma, na wao wanaongea. Walianzia Agosti, wakapitia mechi zote kumi na mbili, teke moja moja: lile la upepo wa Septemba, lile lililogonga mlingoti wa goli likaingia. Orval alimuuliza kwa nini mguu wa mpigaji wake unafunguka sana, unageukia nje anapopiga, Corinne akamjibu kwamba haufunguki, ni baba anayetazama kutoka safu ya sita. Walibishana kilomita themanini nzima. Mechi ya kwanza ingekuwa kaskazini kwenye theluji, ambako mpira huwa mgumu kama jiwe, na Corinne alikuwa amekwisha weka mipira minane kwenye friji ya kantini.

Alipofika Bramlett saa kumi na nusu, bendi ya chuo ilikuwa barabarani, kila mmoja anapiga wimbo wake. Lyle alikuwa amesimama juu ya gari la zimamoto na mkasi mkononi, akimtangazia kila anayepita kwamba kesho kunyoa ni bure. Orval hakusimama. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, ambako Corinne na mpigaji wake walikuwa wanajaribu mipira ya friji, na Corinne akamkumbatia bila kusema kitu, kwa kuwa maneno yote yalikwisha safarini.

Mshikaji mpira, yule anayeusimamisha ili upigwe, alikuwa amekwenda kucheza ngoma na bendi. Orval akapiga goti nyasini na suruali yake ya suti, akauweka mpira wima kwa kidole kimoja. Ulikuwa wa baridi, mzito kweli.

"Usifungue mguu," akamwambia kijana.

"Haufunguki," Corinne alisema.

Kijana akarudi hatua tatu, akaja, akapiga.